Pikipiki ndogo na joto la Februari: ninafika kazini nimelowa, na injini inanuka

Binti wa Ulongoni

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninaishi Ulongoni, upande wa Gongo la Mboto, na ofisi yetu iko Posta, Dar es Salaam. Tangu Agosti mwaka jana ninakwenda na kurudi kazini kwa pikipiki yangu ya cc 110, niliyoinunua kwa fedha za kikundi chetu cha kina mama baada ya kuchoka kugombea daladala alfajiri. Miezi ya mwanzo, kusi ilipokuwa bado inavuma na asubuhi zikiwa na ubaridi, niliona nimetua mzigo, kwa sababu nilikuwa nafika kazini mkavu na nikiwa na nusu saa nzima ya kunywa chai kabla ya kazi kuanza.

Mambo yalibadilika Desemba kaskazi ilipoingia, na sasa Februari yamezidi. Ninatoka nyumbani saa moja na robo, jua likiwa limeshapanda, na kwa kuwa Barabara ya Nyerere inaelekea mjini kwa upande wa mashariki, jua hilo ninalipata usoni. Nikirudi saa kumi alasiri limeshahamia magharibi, nalo ninalipata usoni vilevile. Pikipiki ikiwa inakwenda sioni taabu kubwa. Taabu huanza kwenye foleni kati ya Vingunguti na Tazara, ninaposimama katikati ya lori na daladala, lami ikinirudishia joto kutoka chini na moshi wa gari la mbele ukinipiga magotini. Hapo jasho linatiririka ndani ya kofia ngumu hadi linaingia machoni, na mara mbili wiki iliyopita nimehisi kizunguzungu kabla ya kufika Kamata. Mchana ninaumwa kichwa hadi jioni.

Pikipiki nayo inaumwa. Ikisimama kwenye foleni kwa dakika kumi inatoa harufu kama ya chuma kilichounguzwa, inapoteza nguvu, na nikiachia mkono wa mafuta mlio hauteremki upesi kama zamani, bali unaning'inia juu kwa muda ndipo ushuke. Novemba nilimlalamikia fundi wa mtaani kwamba inakula mafuta, naye akanibania kabureta kidogo, na kweli ulaji ulipungua. Sijui kama mambo hayo yanahusiana.

Jambo la mwisho ni mavazi. Ninavaa hijabu, na juu yake kofia ngumu, na juu ya blauzi ninavaa koti zito alilonipa kaka yangu. Wapo wanaonishauri niache koti, na wapo wanaosema nikiliacha upepo utaniingia kifuani nipate nimonia. Naomba wenye uzoefu wa kweli wanisaidie, kwa sababu sitaki kurudi kwenye daladala, lakini pia sitaki kuanguka barabarani kwa kizunguzungu.

Fundi wa Temeke

Dada yangu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili, kwa sababu umeyaeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaofika gereji wakisema tu kwamba chombo hakina nguvu. Sentensi iliyonishtua ni ile ya Novemba. Fundi aliyekubania kabureta hakukuibia, maana ulaji ulipungua kama ulivyotaka, ila alikuuzia joto bila kukuambia.

Petroli inayoingia kwenye silinda haifanyi kazi ya kuwaka tu. Inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto, na hivyo huipoza injini kwa ndani. Ukiipunguza kupita kiasi na hewa ikabaki nyingi, moto ndani ya silinda huwaka kwa kuchelewa, na joto lake hubaki kwenye kichwa cha silinda na kwenye vali ya kutolea moshi. Julai huwezi kuligundua hilo kwa sababu hewa ya nje bado ina ubaridi wa kukufichia kosa. Februari hakuna wa kukufichia. Huo mlio unaoning'inia juu unapoachia mkono wa mafuta ni dalili ninayoifahamu sana ya kabureta iliyobanwa, ingawa waya wa mafuta uliokauka au hewa inayopenya kwenye mpira wa kabureta huweza kuleta dalili kama hiyo, kwa hiyo usimruhusu mtu akurekebishie kwa kubahatisha.

Fanya hivi. Ukifika nyumbani, iache pikipiki ipoe, kisha fungua plagi na uitazame ile sehemu ya kauri iliyo ndani. Pikipiki inayopumua vizuri huwa na plagi ya rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta ni mengi. Ikiwa nyeupe kavu, hewa ni nyingi, na utakuwa umepata jibu lako. Fundi mwangalifu ataipandisha sindano ya kabureta ngazi moja na kuipima upya skrubu ya hewa, kazi ya nusu saa.

Sasa kuhusu foleni. Injini yako haina maji wala feni. Inapozwa na upepo wa safari unaopita kwenye yale mapezi membamba yaliyoizunguka silinda, na na oili. Skuta nyingi zina feni yake ndani ya kifuniko, ndiyo maana mwenye skuta anaweza kusimama muda mrefu bila wasiwasi kama wako. Wewe ukisimama, upepo umekatika, na kilichobaki ni oili peke yake. Kwa hiyo foleni ikionekana haitasogea ndani ya dakika moja, zima. Usikae ukipiga resi ili isizimike, kwa maana unaongeza moto mahali ambapo hakuna wa kuupoza. Kagua pia mapezi hayo kama hayajajaa tope la barabara za ndani za huko Ulongoni. Tope likikauka pale huwa kama blanketi. Lioshe injini ikiwa imepoa, kamwe si ikiwa moto.

Oili nayo usiipuuze, kwa sababu pikipiki za saizi yako hubeba takribani lita moja tu, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya kinga yote. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya kati, subiri dakika chache injini ikiwa imezimwa, futa stiki, uichovye bila kuikaza, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kielekeze vingine, kisha usome. Usinunue oili ya gari kwa sababu ni rahisi: baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki, ambayo inaogelea ndani ya oili hiyo, huanza kuteleza, ukadhani injini imechoka. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, na unene ule uliotajwa kwenye kitabu. Wengi huamini kwamba oili nzito zaidi ndiyo dawa ya joto, lakini oili nzito kupita kipimo hupita kwa taabu kwenye vinjia vyembamba vya injini ndogo.

Tairi zipime asubuhi kabla hujatoka. Upepo wa tairi hupanda kwa psi moja na ushee kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka, na nimeona watu wakipima mchana kwenye jua, wakiona umezidi wanautoa, na kesho yake alfajiri wanaendesha tairi lililolegea. Tairi lililolegea hujikunja zaidi, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha. Na tangi la mafuta usilijaze hadi mdomoni kisha ukaliegesha juani, kwa sababu petroli hutanuka, na isipopata nafasi itatafuta njia ya kutokea.

Kijiwe cha Buguruni

Dada, mimi ni dereva wa bodaboda mwaka wa kumi na moja sasa, na barabara hiyo ya Nyerere ninaijua shimo kwa shimo. Aliyosema Fundi ni kweli tupu, nami naongeza upande wa saa na njia, kwa sababu joto la pikipiki ni joto la kusimama, na anayejua kupunguza kusimama ameshamaliza zaidi ya nusu ya tatizo.

Wewe unatoka saa moja na robo, ambao ndio wakati mbaya kuliko wote: jua limeshatoka, na foleni imeshafunga. Ukitoka saa kumi na mbili na robo, jua la Februari linakukuta njiani likiwa bado chini na halina makali, na daraja la Mfugale pale Tazara unalipanda bila kuweka mguu chini. Najua si kila mtu anaweza, hasa mwenye watoto wa kuandaa shule, lakini saa hiyo moja ina faida kuliko koti lolote utakalonunua. Jioni, mwombe bosi wako, ukiwahi kuingia, uwahi na kutoka. Na nakuomba kitu kimoja kwa moyo wangu wote: usiingie njia ya mwendokasi kukimbia foleni. Nimewazika wenzangu wawili wa kijiweni kwa sababu ya njia hiyo. Basi lile ni zito, linakuja kwa kasi, na dereva wake hatarajii kukukuta mle.

Kuhusu koti, watu hutushangaa sisi kuvaa makoti mazito mwezi wa pili, tena wengine wakiyavaa kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni. Koti la kinyumenyume huziba upepo kifuani alfajiri, na pia huzuia vumbi na wadudu wasiingie shingoni, lakini ikifika saa tatu mimi ninalivua na kubaki na shati jeupe la pamba la mikono mirefu, na juu yake reflekta. Mikono mirefu ni lazima. Jua likikuchoma mikono mitupu kwa saa mbili unachoka kana kwamba umelima. Nakushauri uliache koti la kaka yako nyumbani.

Maji yanayouzwa na vijana kwenye foleni ni msaada mkubwa, lakini usiyasubiri. Kunywa kabla hujatoka, kwa sababu ukishaanza kuona kiu pale Tazara umeshachelewa, na huwezi kuivua kofia kila mara magari yanaposogea. Mwisho, maegesho: kivuli cha ukuta kinachokuwepo saa tatu asubuhi hakipo saa sita. Siku hizi za kuelekea Machi, jua la adhuhuri hapa Dar linapita karibu utosini kabisa, na ukuta hautupi kivuli chochote. Tafuta mti. Kama hakuna, funika kiti kwa kanga au gunia jeupe. Kiti cheusi kilichoachwa juani humuunguza mtu hata akiwa amevaa jinzi.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu Binti wa Ulongoni, nimefanya kazi wodini miaka thelathini na mmoja, mingi ikiwa hapa pwani, na kilichonifanya niandike ni hicho kizunguzungu chako, ambacho umekitaja kama jambo la kupita.

Mwili unajipoza kwa jasho, lakini si jasho linalotiririka; ni jasho linalokauka. Hewa ya Dar wakati huu ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hukauka polepole, na ukiwa umesimama kwenye foleni bila upepo, ndani ya koti zito, halikauki kabisa. Linamwagika tu, unapoteza maji na chumvi, na hupati ubaridi wowote. Moyo nao unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kutoa joto, damu inayofika kichwani inapungua, na ndipo kizunguzungu kinapokuja. Ukikihisi, egesha pikipiki mara moja hata kama umechelewa, kaa kivulini, vua kofia, legeza nguo za shingoni, kunywa maji taratibu, na ujimwagie kidogo kichwani na kwenye mikono. Usiendelee hadi kichwa kitulie. Mtu akifikia hatua ya kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuzimia, na mwili wake ukiwa wa moto sana, huyo joto lake la ndani huenda limefika nyuzi 40 au zaidi, naye anahitaji kumwagiwa maji na kupepewa papo hapo huku akikimbizwa hospitali. Februari moja tuliletewa kijana wa bodaboda aliyeanguka katika hali hiyo. Wenzake walikuwa wamemfunika kwa makoti kwa kudhani ana malaria na anahitaji kutoka jasho. Alipona, lakini figo zake zilimsumbua kwa wiki kadhaa.

Kwa safari yako ya kila siku, maji ya kawaida na chakula chenye chumvi ya kawaida vinatosha. Kunywa bilauri mbili kabla ya kutoka, na nyingine ukifika. Mkojo wako ukiwa wa manjano hafifu, uko salama. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujanywa vya kutosha. Dafu ni zuri. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana huvinywa alfajiri wakiwa na tumbo tupu havichukui nafasi ya maji. Anayeendesha mchana kutwa anaweza kutengeneza mwenyewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa na si vya kilima. Asizidishe chumvi. Wenye presha wanaotumia dawa za kukojosha wamwulize daktari wao kabla ya msimu huu, kwa sababu dawa hizo hutoa maji mwilini zaidi.

Nimonia husababishwa na vijidudu, mwanangu, si upepo wa pikipiki. Kwa hiyo usivae koti kwa kuogopa nimonia. Lakini hapa sikubaliani na ndugu yetu wa Buguruni anayesema ubaki na shati. Nimeosha vidonda vya watu walioburuzwa kwenye lami wakiwa na shati la pamba, na nimewaosha waliokuwa na koti gumu, na tofauti yake sihitaji kuisimulia kwa mtu anayekula. Na kofia ngumu usiivue kwa sababu yoyote ya joto. Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Chini yake vaa kitambaa kimoja chepesi cha pamba, kisicho na pini wala fundo nyuma, kwa sababu fundo likibanwa na kofia kwa saa nzima huleta maumivu ya kichwa yenyewe. Pengine sehemu ya kichwa chako cha mchana inatoka hapo. Hijabu yako unaweza kuivaa vizuri ukishafika.

Mzanzibari wa Muscat

Assalaam alaykum dada. Mimi nimesambaza vyakula kwa pikipiki hapa Muscat kwa miaka mitatu kabla sijapata kazi ya dukani, na ningependa kukuonya usichukue ushauri wa Ghuba ukaupeleka Dar kama ulivyo, kwa sababu joto lenu na letu si ndugu wa baba mmoja.

Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo wa pikipiki unakupoza; ikiwa juu ya hapo, upepo huohuo unakuchoma kama ulio mbele ya tanuri. Huku mwezi wa Juni na Julai hewa hupita nyuzi 40 mara nyingi, ndiyo maana utawaona madereva wamejifunika hadi vidole, na ndiyo maana sheria ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, kuanzia Juni hadi Agosti. Dar mwezi wa Februari kivulini ni nyuzi 32 au 33. Upepo wenu bado ni rafiki. Kwa hiyo usijifunge kama sisi. Tafuta koti la wavu, lile ambalo kifua na mikono vimefumwa kwa matundu mapana na lina pedi ngumu kwenye viwiko, mabega na mgongo. Linapitisha upepo na linakulinda ukianguka, na nadhani linamaliza ubishi wa Mama Muuguzi na kaka wa Buguruni. Nimeambiwa kwamba Kariakoo yanapatikana ya mtumba. Kagua zipu na pedi kabla ya kulipa.

Kitambaa kilicholowanishwa na kufungwa shingoni kinasaidia pia. Nikiwa Nizwa, ambako hewa ni kavu, kilikuwa kinakauka ndani ya robo saa na shingo inakuwa baridi kabisa. Muscat yenyewe, karibu na bahari, kilibaki kimelowa na hakikusaidia sana, isipokuwa pikipiki ilipokuwa inakimbia. Dar mko baharini, basi tarajia hivyohivyo: kitakusaidia kwenye daraja la Mfugale, hakitakusaidia kwenye foleni.

Tena nakukumbusha, miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto lenu. Ukiwa umefunga, ushauri wa saa aliokupa kaka wa kijiweni ndio utakaokusaidia kuliko wote. Usiache daku, kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi usiku badala ya kujaza tumbo dakika za mwisho, na siku utakayohisi kizunguzungu ukiwa na saumu, panda daladala. Pikipiki itakusubiri.

Likoni hadi Mjini

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nina jambo moja tu la kuongeza, nalo ni kuhusu miavuli. Huku kwetu wahudumu wengi wa boda boda wamefunga miavuli mikubwa juu ya pikipiki, na abiria huipenda kwa ajili ya kivuli. Dada, usishawishike. Mwavuli ule hushika upepo kama tanga, na siku moja, nikishuka kutoka feri ya Likoni wakati kaskazi inavuma kwa nguvu, nilivutwa upande mzima hadi nikagusa gari la jirani. Niliung'oa siku hiyo hiyo na sijaurudisha. Kwenye feri yenyewe sisi huzima injini, tunashuka na kusimama kando, kwa sababu sitaha ya chuma huwaka joto, na ukibaki umeketi juu ya injini ya moto unapikwa kutoka pande mbili. Naona foleni yenu ya Tazara ni vivyo hivyo: ukizima, simama kwa miguu, nyanyuka kwenye kiti, na uache hewa ipite.

Binti wa Ulongoni

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu mliyonielekeza, ndipo niwashukuru nikiwa na la kusema.

Jumamosi nilifungua plagi mbele ya mdogo wangu. Ile kauri ilikuwa nyeupe kama chaki ya darasani, na pembeni ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Stiki ya oili nayo ilionyesha kiwango kikiwa chini ya alama ya mwisho, jambo ambalo limenisikitisha sana, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku za kubadilisha oili na kamwe sikuwa ninaikagua katikati. Nilimpelekea fundi mwingine, akaipandisha sindano ngazi moja, akarekebisha skrubu ya hewa, akaniwekea plagi mpya na oili yenye alama mliyoitaja. Mlio sasa unashuka papo hapo ninapoachia mkono wa mafuta. Lita tatu zilizokuwa zinanitosha siku tano za kazi sasa zinakwisha Ijumaa asubuhi kabla sijarudi nyumbani, nami nimekubali gharama hiyo bila kinyongo.

Kutoka saa kumi na mbili na robo nimeweza siku tatu kati ya tano. Siku mbili mtoto alinichelewesha. Siku hizo tatu nilisimama Tazara mara moja tu. Kitambaa chembamba bila fundo kimenisaidia kuliko nilivyotarajia, na kichwa hakijaniuma tangu Jumanne. Koti la wavu nimeliona Kariakoo, lakini lilikuwa limekosa pedi za viwiko, kwa hiyo bado natafuta.

Swali moja kwa Fundi: vile vitone vinavyong'aa kwenye plagi ya zamani vina maana gani?

Fundi wa Temeke

Dada yangu, umenitia hofu na kunifurahisha kwa pamoja. Vitone vya namna hiyo mara nyingi ni alumini iliyoyeyuka kutoka juu ya pistoni na kurukia kwenye plagi. Maana yake ni kwamba injini ilikuwa imeanza kujila yenyewe. Mwambie fundi wako apime mgandamizo wa silinda, kisha aangalie nafasi za vali injini ikiwa imepoa, kwa sababu vali ya moshi iliyounguzwa hupoteza nafasi yake. Kama mgandamizo uko sawa, umewahi. Endesha kwa upole kwa wiki mbili, na ufungue tena plagi uione rangi yake.

Binti wa Ulongoni

Amepima leo jioni, na amesema mgandamizo uko ndani ya kipimo cha kitabu; vali ya moshi ilikuwa imebana kidogo, ameilegeza. Plagi nitaifungua tena baada ya wiki mbili na nitaandika hapahapa rangi nitakayoikuta. Mlinzi wa ofisini naye amenikubalia niegeshe chini ya mkungu ulioko nyuma ya jengo kuanzia Jumatatu, kwa sharti kwamba niitoe kabla gari la maji halijafika saa tisa.